Boila ya gesi inawaka kwa umeme wa gridi, kwa jenereta inagoma: anzia kwenye nyutro na ethi

Wakuu, wiki iliyopita niliitwa saa nne usiku kwenye hoteli moja huku Arusha, boila ya mvuke ya londri imegoma na mashuka ya wageni yamerundikana mpaka mlangoni. Kijana wa matengenezo pale anajituma kweli, alishabadilisha kontrola ya kuwashia mara mbili, kaweka elektrodi mpya na waya wa cheche mpya, bado. Feni inapuliza, cheche inapiga, moto unawaka unauona kabisa kwenye kile kioo kidogo, halafu baada ya sekunde tatu gesi inakatwa na taa nyekundu inawaka. Nikamuuliza, mchana ilikuwa inafanya kazi? Akaniambia ndiyo fundi, ilikuwa poa mpaka umeme ulipokatika tukahamia jenereta.

Hapo jibu lilishapatikana, ila tuelewane kwanza kontrola inajuaje kwamba moto upo, maana bila hilo utabadilisha spea mpaka mwaka uishe.

Kwenye bana nyingi za gesi, yaani kile kichomeo cha boila, kuna kisindano kinachokaa ndani ya moto. Kontrola inakipa umeme wa AC, ule unaogeuka mwelekeo kila mara. Moto wa gesi unapitisha umeme kidogo sana, na kwa sababu kisindano ni chembamba na mwili wa bana ni mkubwa, umeme unapita vizuri upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo unaotoka pale ni kama DC, ule unaopita upande mmoja tu, tena ni maikroampea chache tu. Kontrola inatafuta hiyo DC. Ukigusisha kisindano kwenye chuma itapita AC tupu na kontrola haidanganyiki, inajua huo si moto. Huu ubunifu mimi naupenda sana, ndio unaolinda watu wanaofanya kazi pembeni ya boila.

Sasa hiyo DC lazima izunguke. Inatoka kontrola, inapita kwenye moto, inaingia mwili wa bana, inafuata waya wa ethi (ule wa ardhini) mpaka pale nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi zinapokutana, ndipo inarudi kwa nyutro. Jenereta ya hoteli ile nyutro yake ilikuwa inaelea, haijaungwa na ethi popote. Njia ya kurudi hakuna, maikroampea sifuri, kontrola inaamini hakuna moto inafunga gesi. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Unajuaje? Chukua multimita pima kwenye teminali za kontrola. Fezi (waya wenye umeme) na nyutro upate kama volti 230, fezi na ethi pia kama 230, nyutro na ethi iwe karibu na sifuri. Pale kwenye jenereta nilipata kama 115 fezi kwa ethi na 115 nyutro kwa ethi, yaani fezi na nyutro zote zinaelea. Dawa yake ni fundi umeme mwenye leseni aunge nyutro ya jenereta na ethi sehemu moja tu, kwenye chanzo, na swichi ya kubadilishia umeme ikaguliwe. Usije ukaunga nyutro na ethi ndani ya boksi la bana eti umerahisisha! Siku nyutro ikikatika huko nyuma, mwili mzima wa boila unakuwa na umeme na mtu anaushika.

Rangi za waya nazo zinaumiza watu. Majengo ya zamani nyeusi ni nyutro na bluu ni fezi mojawapo ya thrii fezi, kwenye rangi mpya bluu ndiyo nyutro na nyeusi ni fezi. Jengo lililofanyiwa ukarabati nusunusu utakuta zote mbili kwenye panelo moja, kwa hiyo usiamini rangi, pima.

Ukigeuza fezi na nyutro kontrola nyingi hazitauona moto, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni hili: swichi za usalama, yaani ya presha ya mvuke, ya maji kupungua, ya hewa, ya presha ya gesi, zote zinatakiwa zikate fezi. Zikikaa upande wa nyutro, siku waya mmoja ukichubuka ukagusa chuma, koili ya valvu ya gesi inapata njia ya kurudi kupitia ethi na valvu inabaki wazi hata kama swichi zimekata. Boila haina maji na gesi bado inaingia.

Waya wa cheche una maelfu ya volti, uutenge na waya wa kisindano, usizifunge pamoja kwa taitai. Ethi ya bana ipate waya wake mwenyewe uliofungwa kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, usitegemee bomba la gesi.

Jampa, yaani waya wa kuruka swichi, kwenye swichi ya hewa au ya maji siweki hata dakika moja ya kujaribia, na ndugu yangu naomba na wewe usiweke. Pia kubonyeza riseti mara tano mfululizo acheni kabisa, kila jaribio lililofeli limeacha gesi, na LPG (gesi ya mitungi) ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni inasubiri cheche.

Nikimaliza huwa napima maikroampea. Nazima umeme wote kwanza, naunga mita kwenye mfululizo na waya wa kisindano, nawasha, nalinganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kontrola, halafu naandika namba ndani ya mlango wa panelo. Pale hotelini baada ya jenereta kurekebishwa nilipata 8, kwa gridi na kwa jenereta. Mwisho boila ikiwa inawaka nafunga koki ya gesi kwa mkono, moto ukizimika nasikiliza valvu. Ilifunga ndani ya kama sekunde moja, nikamwita yule kijana nikamwambia sasa rudia wewe mwenyewe mimi niangalie.