Saipresi ikigeuka kahawia, weka shoka chini kwanza

Mwezi uliopita mzee mmoja wa huku Lushoto alinipigia simu. "Bwana miti, njoo uone. Saipresi zangu zinaungua bila moto." Nilipofika nikakuta ameshaelewana bei na mtu wa msumeno: ekari mbili, zote chini.

Nikamwomba tuingie ndani kwanza. Nilivuta tawi moja na kuligeuza. Pale vitawi vinapoachana walikuwa wamejazana vidukari, wadudu wadogo wa rangi ya kahawia, wakubwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Vidole vilinata. Shinani sisimizi walipanda na kushuka wakifuata utamu unaotolewa na vidukari, na matawi ya chini yalikuwa meusi kama yamepakwa masizi. Mzee alidhani weusi ule ndio ugonjwa. Ule ni ukungu tu, unaota juu ya sukari. Anayeua ni kidukari: anafyonza utomvu, na mate yake ni sumu kwa tawi. Ndiyo maana ukavu huanzia ndani ya mti kuelekea nje.

Kitaalamu anaitwa Cinara cupressivora. Kwao ni kati ya Ugiriki na kusini mwa Bahari ya Kaspi, wakati saipresi tunayopanda ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati. Wageni wawili wakakutana kwetu. Alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988, Kenya 1990, na kwa miaka mingi alichanganywa na ndugu yake wa Ulaya hadi wataalamu walipomtenganisha mwaka 1999.

Dawa? Kwenye ua wa nyumbani, maji ya sabuni yanatosha. Kwenye shamba la miti mirefu utamaliza pesa na kuua nyigu wanaokusaidia. Mwaka 1994 Malawi waliachia nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari. Buu linamla kutoka ndani. Ukiona kidukari amevimba, amekauka, ana tundu la mviringo mgongoni, ujue nyigu wa aina hiyo ameshapita.

Tulichofanya kwa mzee ni kukwangua. Kwa ncha ya kisu unatoa gome kidogo, shinani na kwenye matawi. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, mti ungali hai. Tawi lililokauka kabisa halichipui tena, saipresi haina tabia hiyo, lakini mti wenye kilele cha kijani unaweza kuendelea. Kanuni yangu: ukavu ukipita nusu ya matawi, weka alama ya kukata; ukiwa chini ya hapo, subiri mvua.

Kosa la shamba lile lilikuwa jingine. Miti ilipandwa karibu karibu na haikuwahi kupunguzwa, kwa hiyo kila kiangazi ilikuwa ikigombania maji. Mti wenye kiu hauna nguvu ya kustahimili kufyonzwa. Nilimwambia apunguze mistari iliyobanana zaidi na mapengo ayajaze miti ya grevilia. Yeye alitaka mwangati, mti wa asili wa milima hii. Nikamkatalia: kidukari huyuhuyu anaula mwangati pia, na msitu wa asili wa Magamba hauko mbali.

Mtu wa msumeno aliondoka na miti kumi na tisa. Hakufurahi.