Saratani ya utumbo mpana haichagui rangi

Hapa Kampala bado husemwa kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba damu ya Mwafrika inaukinga. Dhana hiyo ina chanzo cha kweli: daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago hapa Kampala katika miaka ya 1950 na 1960, alibaini kuwa ugonjwa huo ulikuwa nadra sana hapa. Lakini Burkitt mwenyewe alitaja chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kuwa sababu ya unadra huo, wala si asili ya mtu. Na Wamarekani weusi, wenye mababu wa Afrika, leo huugua saratani hiyo zaidi kuliko Wamarekani weupe. Kwa maoni yangu, hoja hiyo moja inatosha kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika si kinga.

Urithi una nafasi yake, ila hupita katika ukoo. Mzazi mwenye hitilafu katika jeni ya MLH1 au MSH2, ambazo husaidia kusahihisha makosa vinasaba vinaponakiliwa, anaweza kumrithisha kila mtoto hitilafu hiyo, inayoongeza hatari ya saratani hii, kwa uwezekano wa asilimia 50. Hata hivyo wagonjwa walio wengi hawana hitilafu hiyo ya kurithi, kwa hiyo anayeona damu kwenye kinyesi, ambayo inaweza kuwa dalili ya saratani hii, asikubali kuambiwa ni bawasiri kabla ya kupimwa, hata kama kwao hajawahi kuugua mtu.