Stadi za Biashara na Usimamizi kwa Wanafunzi wa Uhandisi: Maana Yake ni Nini

Stadi za biashara na usimamizi, zinapotajwa katika mtaala wa uhandisi, ni uwezo wa mhandisi kukadiria gharama, muda, watu na soko la kitu anachokisanifu, na kuyaingiza makadirio hayo katika usanifu wenyewe tangu mchoro wa kwanza. Wengi huisikia dhana hii kama wito wa kumtaka mhandisi afungue duka, au kama somo la kuandika mchanganuo wa kuombea mkopo benki. Ujasiriamali umo, lakini ni tawi tu. Shina lake ni kwamba bei ni kipimo cha kihandisi, sawa na unene wa bati au nguvu ya mota, na mwanafunzi asiyeijua bei hajamaliza hesabu yake.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepelekwa Masasi, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, kwa mafunzo kwa vitendo, akapewa kazi ya kusanifu mashine ya kubangulia korosho kwa ajili ya kikundi kidogo cha wabanguaji. Tuseme mashine itagharimu shilingi 9,000,000 na itadumu miaka mitano, hivyo uchakavu wake ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Pango na mlinzi vikichukua shilingi 1,200,000 nyingine, kikundi kina mzigo wa shilingi 3,000,000 kila mwaka hata kama hakijabangua korosho moja. Tuseme pia kwamba kila kilo ya korosho karanga, yaani kiini kilichokwisha kubanguliwa, ikiuzwa, baada ya kulipia korosho ghafi, vibarua na umeme, inabaki shilingi 1,500. Ili mzigo ule ulipike, ni lazima zipatikane kilo 2,000 za karanga, na kwa kuwa kilo moja ya karanga hutokana na kilo nne hadi tano za korosho ghafi, tukihesabu tano, zinatakiwa tani 10 za korosho ghafi. Kiwango hicho cha kujilipa, ambacho chini yake kikundi kinapata hasara na juu yake kinaanza kupata faida, ndicho dhana ya kwanza ambayo mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kufundishwa, na haihitaji hisabati zaidi ya kugawanya.

Hesabu hiyo ina mambo mawili ambayo mchoro peke yake hauyaonyeshi. La kwanza ni kwamba korosho huvunwa kwa msimu, na minada ikishapita mbanguaji hana pa kununua kwa urahisi. Kwa hiyo tani 10 zinanunuliwa karibu kwa mkupuo na kuwekwa ghalani. Ghafi ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 20,000,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya mashine. Huo ndio mtaji wa kuendeshea, na vikundi vingi vyenye mashine nzuri hukwama hapo.

La pili linamgusa mhandisi moja kwa moja. Karanga nzima huuzwa bei ya juu kuliko iliyovunjika. Kisu kikikaa vibaya kidogo, au mtambo ukiendeshwa kwa kasi kupita kiasi, vipande vinaongezeka. Wastani wa bei ukishuka kwa shilingi 500 tu kwa kilo, kinachobaki kinakuwa shilingi 1,000, na kiwango cha kujilipa kinapanda kutoka tani 10 hadi tani 15. Nafasi ya milimita chache kati ya visu viwili imegeuka kuwa tani tano za korosho zinazopaswa kutafutwa, kununuliwa na kuhifadhiwa, na mwanafunzi aliyewahi kuifanya hesabu hii kwa mkono wake hatakirekebisha tena kisu kwa kukisia.

Watu wa Mtwara na Lindi wana ushahidi mkubwa kuliko mfano huu wa kufikirika. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vikiwemo vya Newala, Masasi, Mtama na Nachingwea, kwa mitambo iliyohitaji malighafi nyingi ili ijilipe. Lakini mavuno ya nchi, yaliyofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87: wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei haikuwavutia, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia mikorosho. Viwanda vilisimama, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala. Hata mtambo usio na kasoro usingeweza kujilipa bila korosho za kutosha kupita langoni.

Usimamizi nao una upande wake: kupanga kazi zifuatane, kuandaa jedwali la vipimo na bei ambalo kila fundi huliita BOQ, kusoma masharti ya zabuni, na kuwaongoza watu wenye uzoefu kukupita. Hili la mwisho halifundishiki darasani. Kijana mwenye shahada anayemwamuru fundi wa miaka thelathini bila kumwamkia na kumuuliza kwanza atalijua siku hiyo hiyo.

Vyuo havikuachwa vibuni peke yao. Chini ya Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao nchi wanachama huutumia kutambuana kozi za uhandisi, usimamizi wa miradi na fedha umo katika sifa za mhitimu. Tatizo ni namna ya kufundisha. Mara nyingi somo hukodiwa kwa mwalimu wa kitivo kingine, mifano yake ni ya duka la jumla, na wanafunzi hulichukulia kama la kupita tu. Wapo wanaolalamika kwamba linapunguza saa za mekanika, na malalamiko hayo yana uzito pale somo linaposimama peke yake. Kwa maoni yangu dawa ni kulipeleka ndani ya mradi wa usanifu: anayewasilisha mchoro wa mashine awasilishe pia kiwango chake cha kujilipa na mtaji wa kuendeshea, na kabla ya kuchora aende kwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuuliza ni tani ngapi zilipimwa kijijini msimu uliopita, na ngapi kati ya hizo zingeweza kubaki hapo zibanguliwe.