Je, wajua kwa nini pgAdmin III, programu ya kusimamia hifadhidata za PostgreSQL, hugoma kuonyesha majedwali ya PostgreSQL mpya?

Seva imepandishwa toleo na nenosiri ni lilelile, lakini ukijaribu kufungua majedwali unapata ujumbe kwamba safuwima ya relhasoids haipo. Usihangaike kurejesha nakala rudufu: data yako ni salama. Iliyochakaa ni pgAdmin III.

Kabla ya kukuonyesha lolote, programu ya usimamizi huiuliza seva maswali ya SQL (lugha ya hifadhidata) kuhusu majedwali ya ndani kama pg_class na pg_database, ambamo PostgreSQL huweka kumbukumbu za kila kilichomo. Maswali hayo yameandikwa ndani ya programu yenyewe, kwa kufuata matoleo ya wakati wake. Toleo la 12, la mwaka 2019, liliondoa relhasoids katika pg_class. Toleo la 15, la 2022, likaondoa datlastsysoid katika pg_database. Swali likitaja safuwima iliyoondolewa, seva hurudisha kosa. Wengine hukwama mapema zaidi: tangu toleo la 14 manenosiri mapya huhifadhiwa kwa mfumo wa SCRAM (njia salama zaidi ya kuthibitisha nenosiri), na maktaba kongwe za kuunganishia hujibu "authentication method 10 not supported".

Kwa kuwa pgAdmin III haiendelezwi tena, dawa ni kuhamia pgAdmin 4, ambayo nayo ni ya bure. Andika kwanza anwani ya kila seva, mlango (port, kwa kawaida 5432) na jina la mtumiaji. Kisha sakinisha, bofya Servers kwa kitufe cha kulia, chagua Register, halafu Server, ujaze hayo. Data haihami, maana inakaa kwenye seva.

Panapowasumbua wengi ni nakala rudufu. pgAdmin 4 haizitengenezi yenyewe. Huiita pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala, nayo hukataa kazi ikikuta seva ya toleo kuu jipya kuliko lake, kwa ujumbe wa "server version mismatch". Nenda File, Preferences, Paths, Binary paths, uelekeze kwenye folda ya bin ya toleo linalolingana na seva, mfano /usr/lib/postgresql/16/bin kwenye Debian. Jaribu siku hiyohiyo, usingoje dharura.

Jambo jingine: jedwali lisilo na ufunguo msingi (primary key, yaani safuwima inayotambulisha kila safumlalo) utalisoma tu, hutaweza kuhariri safumlalo zake kwenye gridi, kwa sababu programu haina njia ya kutofautisha safumlalo mbili zinazofanana. Zamani OID, namba za ndani za kutambulisha safumlalo, zilisaidia hapo, lakini toleo la 12 lilizifuta kwenye majedwali ya watumiaji. Ongeza ufunguo, kwa mfano kwenye jedwali liitwalo malipo:

ALTER TABLE malipo ADD COLUMN id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY;

Amri hii huandika upya jedwali zima na kulifunga hadi imalize, kwa hiyo kwa jedwali kubwa iendeshe saa ambazo watumiaji ni wachache.