Nani Aliandika Jina la Babu Yako? Kutafuta Historia ya Ukoo Mtandaoni Bila Kulipa

Malalamiko yanayoletwa kwenye kaunta yetu ya nyaraka hapa Dodoma siku hizi yanafanana. Mwananchi ametuma pesa kwa simu kwa mtu aliyemwahidi "kumtolea historia ya ukoo mtandaoni". Baada ya wiki mbili anatumiwa mti wa ukoo uliochorwa vizuri, ila majina yote yaliyomo ni yale aliyoyataja yeye mwenyewe. Wengine wamekusanya namba za NIDA, yaani za vitambulisho vya taifa, za familia nzima na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, wakiambiwa kuna fidia ya mababu waliokuwa askari inayosubiri warithi Ulaya. Nianze na hilo ili tusipotezeane muda: tovuti nitakazozitaja hapa hazigawi fidia, haziombi namba ya NIDA, na kutafuta majina humo ni bure.

Jina la mtu haliingii kwenye karatasi lenyewe. Lazima awepo mwenye kalamu na mwenye sababu ya kuliandika. Kwa hiyo swali la kwanza si "niingie tovuti gani?" bali "nani alikuwa na sababu ya kumwandika babu yangu?" Kama alibatizwa, aliandikwa na padri au mchungaji. Kama alikuwa askari au mpagazi, aliandikwa na jeshi. Kama aligombea shamba au mirathi, karani wa mahakama alimwandika. Kama alichunga ng'ombe zake Hombolo maisha yake yote bila kesi, bila ubatizo na bila ajira, huenda hakuna aliyemwandika, na hapo kumbukumbu yake imo vinywani mwa wazee tu.

Hili wengi hawalikubali. Wanaona mfumo wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, uko mtandaoni, wanaona wanafunzi wakihakiki vyeti kila msimu wa mikopo ya elimu ya juu, kisha wanaamini humo mnaweza kutafutwa babu aliyezaliwa mwaka 1932. Hapana. Enzi za ukoloni usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya Tanganyika. Hata baada ya Uhuru ulichukua miaka mingi kufika vijijini. Mfumo wa RITA ni wa kusajili na kuhakiki vyeti. Haukuwekwa kwa ajili ya kupekua mababu. Vivyo hivyo sensa: kila mara tunaombwa "karatasi za sensa ya 1967" zenye majina ya kaya. Taarifa za mtu mmoja mmoja zinazokusanywa kwenye sensa ni siri kisheria, na hiyo siri ndiyo inayofanya watu wajibu maswali ya makarani. Takwimu za jumla utazipata bure. Jina la bibi yako hutalipata humo, na kurudi kaunta mara tatu hakutabadilisha jibu.

Kabla ya kufungua kompyuta, panga majina. Tovuti za nje zimejengwa kwa watu wenye jina moja la ukoo linalorithiwa vizazi na vizazi. Sisi jina la pili mara nyingi ni la baba na la tatu ni la babu. Yona Mika Daudi ni Yona, mwana wa Mika, mwana wa Daudi. Hiyo ni hazina, maana cheti kimoja kinakupa vizazi vitatu. Lakini ukiandika "Daudi" kwenye kisanduku cha jina la ukoo na "Yona" kwenye jina la kwanza, unatafuta mtu ambaye huenda karani wa mwaka 1940 alimwandika "Yona Mika" tu, au "Yona s/o Mika", yaani Yona mwana wa Mika. Jaribu kila mpangilio. Jaribu pia jina moja peke yake pamoja na mahali. Kisha jaribu tahajia. Mjerumani aliandika "Tsch" pale tunapoandika "Ch", na Mpwapwa utaikuta imeandikwa "Mpapua". Mwingereza alibadilisha "l" na "r" alivyosikia. Usiandike kwamba mtandao hauna kitu kabla hujamaliza hayo yote.

Tarehe nazo zina kazi yake. Wazee wengi wana tarehe za kuzaliwa za kukisia, zilizowekwa siku walipohitaji kitambulisho. Ukimuuliza mzee mwaka aliozaliwa atakutajia wa kwenye kadi. Muulize kulikuwa na nini. Kwa Wagogo, aliyezaliwa au kufiwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa iliyofuata vita vya kwanza, tunamweka kati ya mwaka 1917 na 1920. Aliyekuwa kijana "wakati wa karanga" anazungumzia mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947. Anayekumbuka kuhamishwa anazungumzia Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya Ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hapo umuulize jina la makazi ya zamani, kwa sababu kitabu cha ubatizo kitataja hayo na si kijiji cha leo. Kwenye matanga, wasikilizeni watani. Mtani wa ukoo hukumbuka hata yale ambayo familia imeamua kuyasahau. Rekodi kwa simu kwa ruhusa yake.

Sasa tovuti zenyewe.

FamilySearch inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake Salt Lake City, Marekani. Akaunti ni bure na si lazima uwe muumini wao. Ina picha za rejista za sehemu nyingi za dunia, na katika nchi kadhaa za Afrika wamekusanya nasaba za mdomo kutoka kwa wazee. Unapojaza mti wa ukoo, kila mtu unayemwingiza utaulizwa kama yu hai au amefariki. Jibu hilo kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Aliye hai hufichwa, huonekana na wewe uliyemwingiza. Aliyefariki huonekana na watumiaji wote, nao wanaweza kumrekebisha. Nimeona mtu amemwandika shangazi yake aliye hai kuwa marehemu ili "mti ukamilike". Usifanye hivyo. Na kwa kuwa mti ni wa pamoja, usichukue jina la mtemi au mtu maarufu ukaliunganisha na lako kwa sababu mnafanana jina la tatu.

Waliopoteza ndugu vitani waanze na tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume iliyoundwa mwaka 1917 inayotunza makaburi na orodha za askari waliokufa katika vita vyote viwili vya dunia wakiwa upande wa Uingereza. Unaandika jina, unachagua vita, na unaweza kuchuja kwa nchi au kikosi. Familia zinazosema "babu alizama baharini" ziangalie majina ya ukumbusho wa Afrika Mashariki uliopo kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Meli iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, na zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofia Burma watafutwe kwenye ukumbusho wa Rangoon.

Kwa vita vya kwanza lazima niseme ukweli wenye uchungu. Mpagazi aliyechukuliwa Ugogo akabeba mzigo hadi akafa njiani, uwezekano wa kumkuta kwa jina ni mdogo sana. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 kwa niaba ya tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzee mmoja aliniuliza kama amekosea kutafuta. Hakukosea. Jina la baba wa baba yake halikuandikwa kwa uamuzi wa watu wengine, na hilo si kosa la familia.

Enzi za Mjerumani zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv. Fungu liitwalo R 1001, la wizara ya makoloni, limewekwa kwa sehemu kubwa mtandaoni na linasomwa bure kupitia mfumo wao uitwao invenio. Ni majalada ya utawala: vituo, kodi, safari, adhabu. Tafuta kwa jina la kituo, kwa mfano Kilimatinde, Mpwapwa au Kondoa-Irangi, si kwa jina la babu. Mengi yako kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo wanajifunza kuusoma. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kina maktaba ya picha za ukoloni, na Chuo Kikuu cha Southern California kina picha za wamisionari. Watu kwenye picha hizo mara nyingi hawatajwi majina, hivyo muoneshe mzee picha kabla hujaamua ni nani.

Majarida ya zamani ya wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha Waanglikana wa Uingereza), waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, yamechapwa upya kwa picha kwenye Internet Archive. Yanataja Wakristo wa mwanzo, wakati mwingine kwa majina.

Chanzo ambacho karibu hakuna anayekiuliza ni TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu za mahakama zetu. Hukumu ya mirathi au ya shamba la ukoo hueleza nani alimwoa nani, watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo, nani alifariki lini na shamba lilitoka kwa nani. Ni nasaba iliyotolewa kwa kiapo. Ila kumbuka kila upande ulikuwa unataka kushinda. Matangazo ya mirathi yamo pia kwenye Gazeti la Serikali, na matoleo mengi ya zamani yapo bure kwenye gazettes.africa.

Yaliyobaki hayamo mtandaoni. Nyaraka za Taifa zipo Upanga, Dar es Salaam, na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza vina kurasa za watemi na koo za Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, nyaraka za umma hufunguliwa kwa msomaji zikitimiza miaka 30. Njoo na kitambulisho, barua ya utambulisho, na swali lililoandikwa: jina, mahali, na makadirio ya miaka. "Nataka historia yote ya ukoo" si swali tunaloweza kulitafutia jalada.

Kuhusu wanaokusanya namba za NIDA, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Akizitoa kinyume na lengo la kuzikusanya, mtu binafsi anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Kama umetuma namba zako, hifadhi ujumbe na muamala, usifute kwa aibu, kisha peleka lalamiko kwa Tume na taarifa Polisi.

Na mkienda parokiani au usharikani, ombeni kusoma daftari la ubatizo mbele ya mtunzaji na kupiga picha ukurasa mnaouhitaji akiruhusu. Karatasi haichanwi, hata kama jina lililomo ni la mama yako mzazi. Nyuma ya ukurasa huo yapo majina ya akina mama wengine.