Mwelekeo wa kimapenzi: mtu huzaliwa nao au huuchagua?

Mwelekeo wa kimapenzi ni mvuto wa kudumu, wa moyo na wa mwili, anaouhisi mtu kwa watu wa jinsia tofauti na yake, wa jinsia yake, au wa jinsia zote mbili. Wataalamu huutenga na mambo mawili yanayochanganywa nao kila mara: tendo, yaani mtu amelala na nani, na utambulisho, yaani jina analojiita mbele ya watu. Mwanamume anaweza kuoa, akazaa na kutunza nyumba yake miaka mingi ilhali mvuto wake wote uko kwa wanaume wenzake. Tendo mtu huliamua, na jina hulichagua. Swali gumu linahusu mvuto wenyewe.

Anayeshikilia kwamba mvuto huchaguliwa anapaswa kuonyesha ulichaguliwa lini. Wanaovutiwa na jinsia tofauti hawana siku ambayo walikaa wakapima pande zote mbili kisha wakaamua. Walipobalehe walijikuta tayari wanaelekea huko. Wanaovutiwa na jinsia yao husimulia vivyo hivyo, ila wengi wao huongeza kwamba waliomba, walifunga, hata wakaoa au kuolewa, wakitaraji mvuto huo uondoke.

Je, basi ni wa kuzaliwa? Ushahidi uliochunguzwa zaidi unatokana na mapacha. Mapacha wa kufanana hubeba karibu vinasaba (jeni za urithi) vilevile, na wasiofanana hushirikiana nusu hivi, kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani Michael Bailey na Richard Pillard waliwachunguza wanaume wapenzi wa jinsia moja waliokuwa na ndugu pacha, au ndugu wa kiume aliyeasiliwa katika familia yao. Asilimia 52 ya pacha wao wa kufanana hawakuwa wapenzi wa jinsia tofauti pekee. Kwa pacha wasiofanana ilikuwa asilimia 22, na kwa ndugu wa kuasiliwa asilimia 11. Hata hivyo washiriki walipatikana kwa matangazo, na mwenye pacha anayefanana naye kwa jambo hilo huwa mwepesi zaidi kujitokeza, hivyo viwango vilikuwa juu kupita kiasi. Utafiti wa baadaye uliotumia rejista ya mapacha ya Sweden, wenye jozi zaidi ya 3,800, ulikadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 34 hadi 39 kwa wanaume na takriban 18 kwa wanawake. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu karibu 500,000, ambao haukupata jeni moja inayoamua. Tofauti nyingi ndogo za vinasaba zikijumlishwa zilieleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti zilizopo kati ya watu, na hazikuweza kutabiri mtu yeyote atakuwaje.

Sehemu iliyobaki huitwa mazingira, na neno hilo limepotosha wengi. Kwa wanasayansi wa urithi, mazingira ni kila kisichokuwa vinasaba, pamoja na yanayotokea tumboni kabla mtoto hajazaliwa. Mfano ulio wazi ni wa kaka. Kila kaka aliyezaliwa na mama yuleyule huongeza uwezekano wa mdogo wake wa kiume kuvutiwa na wanaume kwa takriban theluthi moja, ilhali kaka wa kuasiliwa aliyelelewa naye nyumba moja haongezi kitu. Uwezekano wa kuanzia ni mdogo sana, kwa hiyo wengi mno wenye kaka wanne au watano huvutiwa na wanawake. Lakini mchango huo unaelekea kuwa wa ujauzito, nao hauko mikononi mwa mtoto wala mlezi.

Mkanganyiko huu umewahi kuingia Ikulu. Mapema mwaka 2014 Rais Yoweri Museveni wa Uganda, kabla ya kutia saini sheria dhidi ya ushoga, alitaka wanasayansi wa nchi yake wamweleze kama mtu huzaliwa hivyo. Kamati ilijibu kwamba ushoga si ugonjwa, kwamba hakuna jeni iliyothibitishwa kuusababisha, na kwamba mazingira yanaweza kuuathiri. Rais alihitimisha kuwa ni tabia ya kujifunza, akatia saini tarehe 24 Februari. Hitimisho hilo halikutokana na majibu yale. Kutumia mkono wa kushoto nako hakuna jeni moja inayokuamua, na mapacha wa kufanana hutofautiana mara nyingi, lakini hatusemi kwamba mtoto amechagua mkono.

Wapo wanaopinga kwa kusema mvuto wa baadhi ya watu hubadilika, na hilo ni kweli. Mtafiti Lisa Diamond wa Marekani alifuatilia wanawake 79 ambao si wapenzi wa jinsia tofauti pekee, na katika miaka kumi takriban theluthi mbili yao walibadilisha angalau mara moja jina la kujitambulisha. Wengi walieleza kwamba mabadiliko ya hisia zao yaliwajia bila wao kuyatafuta. Kwa upande mwingine, waliotafuta mabadiliko kwa juhudi hawakuyapata: Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani lililotumia miongo mitatu na zaidi kuwasaidia watu kuacha mvuto wa jinsia moja, lilifungwa mwaka 2013, baada ya kiongozi wake Alan Chambers kukiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakuwa wamebadilika.