Kushindwa kukigoma kutoka kichwani: maswali ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanangu ana miaka 14. Alikosa penalti kwenye fainali ya mtaa hapa Mwanjelwa, siku ya nne hii hataki mazoezi. Anaumwa?

Haumwi, ana uchungu, na siku nne si nyingi. Ila mama, usimwambie "mpira tu huo". Kwake si mpira tu. Mtaa mzima ulikuwa pale. Mwache aongee, kisha sikiliza maneno yake. Akisema "mimi gundu", mrudishe: "Umekosa penalti." Kukosa penalti ni tukio la sekunde chache, gundu ni hukumu ya maisha. Jioni mwombe aende uwanjani kukaa tu pembeni na wenzake, viatu abaki navyo begani. Akikwepa uwanja leo atapata nafuu, lakini kadiri anavyokwepa ndivyo hofu inavyokua.

Nilijiandaa miezi sita kwa mbio, nikateguka kifundo wiki ya mwisho. Mbona inauma kuliko kushindwa?

Kwa sababu hukupewa hata nafasi ya kushindwa. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia Olimpiki ya Montreal 1976 kwa kuwa Tanzania ilisusia. Miguu ilikuwa yake, uamuzi haukuwa wake. Mwaka 1980 kule Moscow alipata medali ya fedha kwenye mbio nyingine, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Katikati pana miaka minne, kwa hiyo usijidai umepona Jumatatu. Huzunika, tibu kifundo, halafu uliza nini bado kiko mikononi mwako.

Timu ikifungwa, sisi wa Iringa tunapoza moyo kwa ulanzi. Kuna ubaya?

Pombe italeta usingizi haraka, kisha itakuamsha saa tisa usiku, kinywa kikavu na mawazo yaleyale. Kinachonitisha zaidi ni simu: mkeka wa kubeti umechanika, unaweka mwingine "kurudisha hela". Hapo hasira ndiyo inayobeti.

Nililima viazi Uporoto kwa mkopo, bei ikaanguka. Mwezi sasa silali, chakula hakipandi, sioni maana ya chochote. Nivumilie?

Hapana, kaka. Hili nalitenga na yale ya juu. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, karibu siku nzima, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya kula, inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, una tiba: mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine dawa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, umweleze mganga hayo hayo uliyoniandikia. Akiona inafaa atakupa rufaa. Huku kwetu mwanaume akinyamaza anasifiwa kwa ukakamavu, na sifa hiyo imeshatugharimu.

Kama wazo la kufa limekupitia, mwambie mtu leo hii, usingoje kliniki ya kesho, na usikae peke yako. Zile dawa za kupulizia viazi zilizobaki stoo zitoke nyumbani, akae nazo jirani au mjomba. Nawe mke au ndugu unayesoma hili, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata pa kulitua.